Kigari cha Tluway

Engaresero, jioni

Mwanangu Paskalina,

Barua hii simpi mtu akuletee. Nitakupa mwenyewe kesho mchana pale stendi ya Karatu, ukishakaa kwenye kiti chako, nawe usiifungue mpaka gari lianze kuteremka kwenda Mto wa Mbu. Naandika kwa sababu nikikaa na wewe uso kwa uso huwa naongea habari za mahindi na mvua mpaka muda unaisha.

Habari za shuka, sabuni, vyeti na watu wa kuogopa njiani sitaziandika. Mama yako ameshazisema na najua amezirudia. Shangazi yako wa Arusha atazisema tena ukilala kwake, na ukifika chuoni Morogoro watakuwepo wengine wa kuzisema. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni la kigari cha mdogo wako.

Juzi mama yako alinipigia. Ilibidi nipande kile kichuguu kilicho nyuma ya jiko la kambi yetu ya watalii ndipo sauti ikae sawa. Akasema, "Baba Paskalina, mwanao amefungua begi tena. Nguo zote kazirudisha kwenye kamba."

"Kwa nini?"

"Unaniuliza mimi kwa nini? Nani atambeba Tluway?"

Nikasikia kuku, nikamsikia Tluway akipiga sufuria kwa kijiko kama anavyofanya akiachwa sakafuni. Halafu mama yako akasema taratibu, bila hasira, na afadhali angesema kwa hasira: "Paskalina hataenda chuo. Na hatasema ni kwa ajili ya mdogo wake. Atasema tu hataki."

Haya unayajua kuliko mimi, lakini acha niyaandike, maana sijawahi kuyasema kwa mpangilio hata mara moja. Mdogo wako anakaribia kuanza chekechea na miguu yake haijawahi kumbeba. Mama yako tangu alipoteguka nyonga hawezi kumwinua. Aliyembeba Tluway kwenda kanisani, zahanati na kwa majirani ni wewe, tangu ukiwa na sare ya shule ya msingi, mpaka bega lako la kushoto limekaa chini kuliko la kulia. Nililiona bega hilo Krismasi iliyopita ulipokuwa unaanika nguo. Nikaangalia pembeni.

Kwa hiyo kesho nakuja. Gari la kambi linaondoka alfajiri kufuata vyakula Karatu, na dereva wetu, yule Mchaga tunayemwita Mangi, amekubali nipande nyuma pamoja na kigari. Kina magurudumu matatu, nimekichagua mwenyewe, na nitakueleza nilivyokichagua. Nikifika nitamketisha Tluway humo, nitamfunga mikanda, na nitamsukuma mimi, kutoka mlangoni kwetu, kuvuka korongo, kupita katikati ya mnada, mpaka stendi. Wewe utatembea na begi lako tu. Nataka uone kwa macho yako kwamba mdogo wako anaweza kufika mahali bila mgongo wako, ili ukishakaa garini usitafute sababu ya kushuka.

Kesho ni mnada. Unajua maana yake. Watu wote ninaowafahamu watakuwa pale, wauza ng'ombe, wachoma nyama, wanywaji, na baba yako mkubwa atakuwa amekaa palepale anapokaa siku zote. Mimi nimevunja mawe, nimechimba vyoo vya kambi kwenye jua la huku, nimelala nje ya hema fisi wakipita karibu na miguu yangu. Sikuogopa kama ninavyoiogopa njia ile ya kesho. Ni aibu kumwandikia binti yako maneno kama hayo, lakini ndivyo ilivyo. Wewe ukisoma hapa utakuwa unajua tayari kama nimeweza. Mimi ninayeandika bado sijui.

Unakikumbuka kigari cha kwanza. Sista wa zahanati alikitoa, kidogo, cha kitambaa cha maua, kina vigurudumu vinne kama vifuniko vya chupa ya chai. Ulikipenda. Ulikuwa unakiosha kila Jumamosi, unapitisha kijiti katikati ya vigurudumu kutoa udongo. Halafu mimi nikaja likizo wakati wa mavuno.

Siku ile unga ulikuwa umekwisha na punda wa jirani alikuwa ameshaondoka. Nikakiona kigari kimeegemea ukuta. Mimi ni mtu wa toroli, mwanangu. Kitu chochote chenye gurudumu nakipima kwa mzigo kitakaochukua. Nikapakia gunia la mahindi, nikalifunga kwa kamba, nikashika njia ya mashineni. Ulinikimbiza mpaka kwenye mti wa njiapanda. "Baba, hicho ni cha Tluway!" Nikakujibu, "Tluway kalala, hana safari."

Pale kwenye maduka watu walicheka. Mmoja akapaza sauti, "Baba Paskalina, mtoto wako kanenepa! Mnamlisha nini?" Nikamjibu, "Pumba!" Wakacheka zaidi, na mimi nikacheka nao, nikaendelea kusukuma nimetoa kifua. Nilifurahi, Paskalina. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilisukuma gunia kwenye kigari cha mwanangu mbele ya kijiji kizima nikiwa na furaha, na mwanangu mwenyewe nilikuwa sijamsukuma hata kufika kwenye banda la kuku.

Wakati wa kurudi, pale korongoni, ekseli ilipinda na gurudumu likachomoka. Niliokota unga uliomwagika, kigari nikakiacha. Kesho yake asubuhi ulikwenda kukifuata, ukakibeba kichwani, ukakaa nacho uani ukijaribu kunyoosha ile ekseli kwa jiwe. Mimi nilikuwa nakunywa chai. Nilikuona. Sikuinuka. Uliposhindwa ukaenda ndani, ukachukua mbeleko ya mama yako, na tangu siku ile hukunitajia kigari tena. Ungenilaumu ingekuwa nafuu kwangu.

Mtu anaweza kusema ni ujinga wa mwanamume aliyeishia darasa la tano, hakujua kile kitu kimetengenezwa kwa uzito gani. Hapana. Nilijua. Mikono yangu ilijua tangu nilipoinua gunia la kwanza maishani. Nilisikia kigari kinavyolia chini ya yale mahindi, na niliendelea, kwa sababu kikivunjika hakuna atakayeniambia, "Leo msukume mwanao twende kanisani." Sikuliwaza kwa maneno haya wakati ule, lakini lilikuwa ndani yangu, na mimi ndiye ninayejua.

Kuna lingine ambalo wewe hukulisikia, ulikuwa umelala. Baba yako mkubwa alisema nyumbani kwetu, ndoo ya pombe iko katikati, kwamba kwenye ukoo wetu hakujawahi kuwa na mtoto wa namna ile, sababu itafutwe kwa upande wa mama yake. Mama yako alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chakula. Nilikuwa na mdomo na sikuutumia. Angalia utaona, tukiwa na wageni mama yako haketi. Analeta chakula, anaondoka. Mimi ndiye niliyemwondoa kwenye kiti chake, na sijamwomba radhi. Kesho nitaanza na yeye, kabla sijamgusa mtoto.

Mnadhani nimekuja mbali kutafuta kazi. Kazi zilikuwepo karibu, kwenye mashamba ya kahawa na kwenye vitunguu kule bondeni. Nilikwenda Ololosokwan kujenga kambi. Ikaisha, nikaenda Arash kumwaga kifusi cha moramu barabarani. Ikaisha, nikaja huku Engaresero. Kila ilipoisha moja niliwaambia kuna nyingine imepatikana, nanyi mkaniombea kwa Mungu nipate nguvu. Mlikuwa mnamwombea mtu aliyejificha. Huku wananiita Baba Paskalina, maana ndivyo nilivyojitambulisha. Ni jina zuri, limenipa heshima, na nimejificha nyuma yake pia. Sista peke yake ndiye aliyewahi kuniita Baba Tluway, siku moja pale nje ya zahanati. Nilijifanya sikusikia.

Sasa nikueleze ya kigari hiki.

Kiangazi kilichopita walikuja wageni, mume na mke na mtoto wao mdogo wa kiume, nywele zake kama ndevu za mahindi. Walikuwa na kigari cha magurudumu matatu, moja mbele na mawili nyuma, makubwa, yenye upepo kama ya baiskeli. Mume alipanda ule mlima ulio karibu na kambi akarudi goti limevimba, akawa hawezi kutembea. Meneja akaniita. "Mzee, wewe umezoea toroli. Mama atakwenda matembezi, wewe msukume mtoto."

Basi kila asubuhi nilivaa shati la kambi nikamsukuma mtoto wa watu kwenye jivu, mchanga na mawe. Nilijifunza kile kigari kama unavyojifunza mnyama. Kwenye mchanga laini ukisukuma, gurudumu la mbele linazama. Unageuka unakivuta kinyumenyume. Kwenye mawe unafunga pini ya gurudumu la mbele lisizunguke ovyo, kwenye ardhi sawa iliyoshindiliwa unaifungua ndipo kigari kinatii kona. Kwenye mteremko kuna mkanda wa kuvaa mkononi, ukiteleza wewe kigari kisiende peke yake. Wamama wa Kimaasai waliokuwa wanateka maji walinitazama wakacheka, nami sikujali hata kidogo. Nilikuwa kazini.

Siku moja mtoto yule alisinzia, kichwa kikaning'inia. Nikasimama, nikavua koti, nikalikunja nikaliweka chini ya shavu lake. Askari wetu wa kambi, Saning'o, alikuwa anatembea na sisi na fimbo yake. Akaniangalia, akasema, "We mzee unajua kulea. Nyumbani una mdogo?"

"Hapana," nikasema. "Nina binti mmoja tu, mkubwa."

Nilisema hivyo mkono wangu ukiwa chini ya kichwa cha mtoto wa mtu mwingine. Saning'o hakujua amesikia nini, akaendelea kupiga mswaki wake. Mimi nilisukuma mpaka kambini, nikamkabidhi mtoto, nikachukua maji nikakiosha kile kigari. Nikajikuta nimeokota kijiti natoa udongo katikati ya spoki, kama ulivyokuwa unafanya wewe.

Wageni waliondoka na kigari chao. Mimi nikabaki na lile neno langu. Niliendelea kuchimba na kubeba, lakini nikishika toroli nilikuwa nalisikia. Sitakudanganya kwamba nilibadilika siku ile. Nilikaa nalo muda mrefu bila kufanya kitu, mpaka mama yako alipoanza kunieleza habari za begi lako kufungwa na kufunguliwa. Kabla ya ile simu ya juzi alikuwa ameshanieleza mara ya kwanza. Ndipo nikamwomba Mangi lifti ya Arusha.

Kuna uwanja kule wanauza vitu vilivyotumika kutoka nje: friji, baiskeli, vitanda vya watoto, vigari vimerundikana kama mbuzi kwenye boma. Kijana muuzaji akanidaka mlangoni.

"Karibu mshua. Ya mjukuu, siyo?"

"Eeh," nikasema. Hata pale, Paskalina. Mtu nisiyemjua, ambaye hatanijua.

Akanitolea kimoja cha bluu, magurudumu manne madogo, kimeng'aa. "Cheki hiyo. Kivuli ipo, mahali pa soda papo. Dogo akikaa humo ni mbunge kabisa."

Nilikitaka kile. Sitakuficha. Nilifikiria mnada, nikafikiria macho ya watu, nikaona kigari kinachong'aa namna ile kingewafanya waangalie kigari wasimwangalie mtoto. Nilikuwa nimeshashika mpini. Pembeni kulikuwa na mama mmoja mnene, kaja kutafuta kitanda cha mtoto, kaweka kiroba chake cha mchele chini. Akaniuliza bila hata kunisalimia:

"Baba, njia ya kwenu ni lami?"

"Hapana mama. Udongo mwekundu, na kuna korongo."

"Basi hicho mvua ya kwanza tu kinakufia. Nilikuwa nacho mimi. Vile vigurudumu vinajaa tope vinakuwa mawe, unabaki unambeba mtoto na kigari juu. Mtoto ana kilo ngapi?"

Nikamwangalia.

"Haya, anakaa mwenyewe au anaegemea? Shingo imekaza?"

Nikauachia mpini.

"Ee! Babu gani wewe?" Akacheka, na kijana akacheka. Nikasogea kwenye kona ya friji nikakupigia simu.

Unaikumbuka ile simu. Nilikuuliza Tluway siku hizi anakaaje, ukasema, "Kwa nini Baba?" Nikasema nauliza tu. Ukanijibu kila kitu kwa heshima, kama mtu anayejibu mgeni: akiegemea anakaa, shingo ilikaza tangu mwaka jana, mgongo bado, akichoka anainamia kulia. Ukanisomea kilo kwenye kadi ya kliniki. Ukampima kuanzia makalio mpaka kisigino kwa mkono wako. Halafu ukasema, "Siku hizi anajua kusema shikamoo. Nimpe simu?"

Nikakwambia salio linaisha.

Salio lilikuwepo, mwanangu. Niliogopa kusikia shikamoo ya mtoto niliyemkana.

Niliporudi yule kijana alikuwa ameacha kucheka. Nadhani alisikia. Akasema kwa sauti ya chini, "Mshua, si ungesema tu ni wa kwako." Akaingia nyuma ya friji akavuta hiki: cha magurudumu matatu, kitambaa kimepauka, kiti kimechanika, kinanuka panya, mikanda miwili haipo. Lakini magurudumu ni makubwa, ya upepo, na ile pini ya mbele inafunga na kufungua. Nikamwomba yule mama kiroba chake cha mchele, kilikaribia kilo za Tluway. Nikakiketisha, nikakifunga, nikatoka nacho barabarani. Nikakishusha kwenye mtaro, nikakipandisha. Nikakilaza upande huu na upande ule nione kinaanguka lini. Kijana akasema, "Mzee anatoa leseni." Mama akapiga kelele, "Baba, mchele wangu unatapika!"

Nilikichagua kwa sababu hizi, na nakueleza kwa kuwa najua utakikagua kabla ya kukiamini. Kwenye kile kinjia chetu katikati ya mahindi, gurudumu moja la mbele linajitafutia njia. Manne yangepanda matuta. Ukikuta jiwe unakandamiza mpini, pua inainuka, unapita. Tope haliwezi kujaa kwenye spoki kikagoma. Tairi ikitoboka, fundi baiskeli yeyote anaziba, na bodaboda anajaza upepo. Ubaya wake ni mmoja: kwenye mteremko wa mshazari kikikata kona kwa haraka kinaanguka ubavu. Kwa hiyo korongoni unashuka moja kwa moja, polepole, pini imefungwa, mkanda mkononi. Mama yako nitamfundisha. Na breki ile ya miguu ni ya mahali tambarare tu, kilimani usiiachie mtoto.

Mikanda nimeishona mwenyewe kwa turubai la hema lililochakaa, kwa sindano ya magunia. Upande wa kulia nimeongeza mto mdogo, kwa kuwa ulisema akichoka anainamia huko. Nilipokuwa nashona, Saning'o akaja akachuchumaa.

"Cha nani hicho?"

"Cha mwanangu. Anaitwa Tluway. Hatembei."

"Si uliniambia huna?"

"Nilikwambia."

Nilidhani atainuka aende. Akanyoosha mkono. "Lete hiyo sindano. Unashona kama unafunga gunia la mkaa." Akashona ule mkanda wa kifuani, na ameshona vizuri kuliko mimi. Hakuniuliza tena, wala hajanitania mbele ya wengine.

Mwanangu, najua baba anayemwandikia mtoto anayeondoka hutakiwa kuwa na la kumfundisha. Ninalo dogo. Huko chuoni utakutana na kitu kitakachokutia aibu, sijui ni kipi. Mimi nilidhani aibu yangu ni ya kwangu, kwamba nikiondoka nayo mpaka Ololosokwan itakuwa huko na mimi. Kumbe niliiacha nyumbani na wewe ukaibeba mgongoni, ikiwa na kilo zake, kila mwaka zikiongezeka, kupanda na kushuka korongo lile. Ukiona aibu, jitahidi ukae nayo wewe mwenyewe. Usimwachie mdogo wako au mwenzako aibebe.

Na usirudi kila likizo kwa sababu ya hofu. Rudi ukitukumbuka. Wakikuuliza mko watoto wangapi nyumbani, sema wawili, halafu endelea na habari zako za ng'ombe na chanjo zao ambazo umezitamani tangu ukiwa mdogo. Huna deni la kumweleza mtu zaidi ya hapo. Lile bega lako likipona, utajikuta unatembea umenyooka, na mimi nitaona aibu nyingine mpya nikikuona mrefu kuliko nilivyokuzoea. Hiyo nitaivumilia.

Meneja nimemwambia mwezi huu ukiisha sirudi tena huku. Vitunguu bado vipo, na mashamba ya kahawa bado yapo. Chekechea ikifunguliwa nitampeleka Tluway mimi, kabla ya kazi. Nimeandika kwa wino ili nisiweze kufuta.

Sasa narudi kwenye njia ya kesho, maana kila nikiandika kitu kingine naiona. Naona pale tunapotoka kwenye kinjia tunaingia barabara ya mnada. Najua sauti ya kwanza itatoka kwa wachoma nyama. "Baba Paskalina, umerudi na benzi?" Najua baba yako mkubwa atageuza shingo. Sijui mdomo wangu utafanya nini. Nimefanya mazoezi ya kujibu nikiwa nachota maji hapa mtoni, na jibu langu ni fupi: "Huyu ni Tluway, mwanangu. Msalimieni." Peke yangu nalisema vizuri kabisa. Mbuzi wa Saning'o wamelisikia mpaka wamechoka.

Kama umeniona nimelisema, basi soma sehemu nyingine za barua hii kwa haraka, uangalie njia, ufurahie safari. Na kama nilishindwa, kama nilipofika kwenye mnada nilisema mgongo unauma, nikampa mama yako mpini, nikabaki nyuma kama mtu anayepita na safari zake, usinifichie na usishuke garini. Kigari kipo, na Jumapili nitajaribu tena njia ya kanisani. Wewe ukifika kwa shangazi nipigie tu, useme, "Baba, nilikuona." Usiongeze kitu. Halafu omba nimpe simu Tluway, na nikikwambia salio linaisha, ujue la kufanya: nikumbushe kwamba aliyepiga ni wewe.

Jua limeshapita nyuma ya ukingo wa bonde na karatasi siioni vizuri. Mangi ananiita tukafunge mizigo ya alfajiri. Anataka kigari akiweke juu ya gari pamoja na mitungi ya gesi. Nimemwambia hapana, nitakaa nacho nyuma, nitakishika mwenyewe mpaka Karatu.

Nenda salama, dasi wangu, binti yangu.

Ni mimi, Baba Tluway